Kura yangu ya kwanza haikuwa na jina la rais

Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2019 mamangu alinipigia simu kutoka Majengo, Mombasa. Alikuwa amesikia kwamba Marekani kuna uchaguzi wiki hiyo, na alijua mwanawe sasa ni raia, kwa hivyo akataka kujua nitampa nani urais. Nikamwambia mwaka huu hakuna urais. Gavana je? Gavana pia hayumo. "Sasa huo uchaguzi ni wa nini, Mwanaidi?" Nikamjibu ni wa seneta. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Seneta kama yule wetu?"

Sikuweza kumjibu vizuri kwa simu. Tangu siku ile nimeulizwa swali hilo hilo na watu wengi, na wengine wanaishi hapa hapa Virginia miaka kumi sasa. Leo nataka nilijibu.

Kenya tuna Seneti moja, iko Nairobi, na kila kaunti huchagua seneta mmoja, jumla 47. Marekani nao wana Seneti ya taifa kule Washington, maseneta wawili kwa kila jimbo. Wa Virginia wakati huo walikuwa Mark Warner na Tim Kaine. Lakini kila jimbo lina bunge lake lenyewe. La Virginia lina Seneti ya watu 40 na Baraza la Wajumbe la watu 100, nalo hukaa Richmond, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka nyumbani kwangu. Hilo ndilo linaloamua mfanyakazi asilipwe chini ya kiasi gani, nani auziwe bunduki, shule zipewe pesa ngapi, mfungwa auawe au asiuawe, na raia apige kura vipi na saa ngapi. Hili la mwisho ndilo lililonigusa mimi, na nitalirudia. Chukua bunge la kaunti ya Mombasa, uligawe mabaraza mawili, ulipe na mamlaka ya kutunga sheria za jinai na za uchaguzi, hapo utakuwa umekaribia.

Maseneta wa Virginia huchaguliwa wote 40 siku moja, kila baada ya miaka minne, na huo mwaka wao ni wa witiri: 2015, 2019, 2023. Rais huchaguliwa mwaka wa shufwa. Kwa hivyo uchaguzi unaomgusa mtu jikoni kwake unapita wakati ambapo hakuna kelele za rais, na wengi hawajui hata kwamba upo. Mwaka 2015 waliojitokeza Virginia nzima hawakufika theluthi moja ya walioandikishwa.

Sisi tulikuwa Wilaya ya 10. Ilikuwa wilaya ya mchanganyiko: kipande cha jiji la Richmond, vitongoji vya kaunti ya Chesterfield tunakokaa sisi upande wa Midlothian, na kaunti yote ya Powhatan, ambako ukiendesha gari unapita mashamba na ng'ombe. Aliyekuwa akitetea kiti ni Glen Sturtevant wa chama cha Republican, wakili, aliyewahi kukaa kwenye bodi ya shule za Richmond. Mwaka 2015 alikipata kiti hicho kwa tofauti ya kura kama 1,500 tu, wilaya nzima.

Aliyejitokeza kumpinga ni Ghazala Hashmi wa Democratic. Alizaliwa Hyderabad, India, akaletwa Georgia akiwa na miaka minne kumfuata babake aliyekuwa akifundisha chuo kikuu. Yeye mwenyewe alifundisha fasihi ya Kiingereza vyuoni hapa Richmond karibu miaka 30. Hakuwahi kuwania cheo chochote. Alisema wazi kwamba kilichomwingiza siasani ni ile amri ya Januari 2017 ya kuwazuia watu wa nchi saba za Kiislamu wasiingie Marekani, Somalia na Sudan zikiwa miongoni mwao. Wiki ile naikumbuka. Nilikuwa na kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, na Kenya haikuwa kwenye orodha, lakini nilighairi safari ya kwenda kumwona mamangu, maana nani alijua kesho wataongeza nchi gani.

Niliona bango lake mara ya kwanza mwezi wa Septemba, yale mabango madogo ya kuchomekwa kwenye nyasi mbele ya nyumba. Herufi kubwa: HASHMI. Lilikuwa kwenye uwanja wa nyumba ya watu nisiowajua, Wazungu, wana bendera ya Marekani na mtungi wa maua mlangoni. Nikapunguza mwendo, nikalisoma mara mbili. Lazima niwaeleze kwa nini. Kazini kwangu wakati ule kila mtu aliniita Mona. Hakuna aliyenilazimisha, nilikuwa nimechoka kurudia Mwanaidi mara tatu kwa kila mgeni, na ule uso wa mtu anayesubiri umpe jina jepesi. Halafu hapa kuna mwanamke ambaye jina lake limechapishwa kwa maelfu na kuchomekwa ardhini, na hakulikata hata herufi moja.

Jina lilinivuta, sikatai. Halikunitosha. Tarehe 31 Mei mwaka ule mtu mmoja alikuwa ameingia jengo la serikali ya jiji kule Virginia Beach na bunduki, akaua watu 12. Gavana akaliita bunge kikao maalumu tarehe 9 Julai kujadili sheria za silaha. Republican walikuwa na wingi mwembamba katika mabaraza yote mawili. Walikutana kwa dakika kama 90, wakaahirisha mpaka baada ya uchaguzi wa Novemba. Nilikuwa kazini, runinga ya sebuleni imewashwa, na nilikuwa bado namalizia kuwagawia wazee chakula cha mchana niliposikia kwamba wameshatawanyika. Nikabaki na sinia mkononi. Watu 12, dakika 90. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza seneta wangu ni nani.

Aliyenijibu ni mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia. Nafanya kazi ya msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee, na yeye alikuwa chumba cha mwisho upande wangu. Alikuwa mtu wa Republican tangu ujana wake, na alimpenda Sturtevant kwa sababu alikuwa amemsikia akizungumzia shule. Yeye ndiye aliyenichorea kwenye kitambaa cha karatasi, kwa kalamu, mabunge mawili: moja Washington, moja Richmond, na mishale ya nani anamchagua nani. Alijua kwamba sitampigia mtu wake. Nilimwambia. Akasema alinichorea ili niende kituoni nikijua ninachokifanya, basi.

Mwisho wa Oktoba kura yake ilimjia kwa posta. Alitengewa meza ndogo ya kitandani, akavaa miwani, akaanza kujaza viduara kwa kalamu nyeusi. Mkono ulikuwa ukimtetemeka, na kila kiduara kilimchukua muda mrefu. Akimaliza kimoja anapumzika, anatazama dirishani, kisha anarudi. Bahasha ilihitaji sahihi ya shahidi, muuguzi akaitia. Mimi nilisimama pale na taulo mkononi nikidhani kura ya namna hiyo ni ya wagonjwa peke yao.

Jumatatu, siku moja kabla ya uchaguzi, ndipo mwenzangu mmoja wa zamu aliponiuliza kama nimeshapiga kura mapema. Kumbe sheria ya Virginia wakati ule ilikuwa na orodha ya sababu zinazomruhusu mtu kupiga kura kabla ya siku yenyewe, na mojawapo ilikuwa hii: ukiwa kazini, pamoja na muda wa njiani, kwa saa 11 au zaidi kati ya saa 13 ambazo vituo viko wazi. Zamu yangu ilikuwa saa moja asubuhi hadi saa moja usiku. Muda wa saa 12 kamili. Nilistahili. Lakini siku ya mwisho ya kura hiyo ilikuwa Jumamosi, na sasa ilikuwa Jumatatu.

Vituo vilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa moja usiku. Hesabu mwenyewe: nilikuwa na dakika sitini, njia ndani yake. Nilimwomba msimamizi wa zamu niingie nusu saa nikiwa nimechelewa, nikamwahidi kwamba nitakaa nusu saa zaidi jioni. Akaniambia saa moja ni saa moja. Sikubishana naye. Nilikwenda kufulia sare.

Tarehe 5 Novemba nilifika kituoni saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, giza bado, baridi inauma masikio. Kituo kilikuwa shule ya msingi. Mbele yangu kulikuwa na watu kumi na mmoja. Niliwahesabu zaidi ya mara moja, kwa sababu nilikuwa napiga hesabu ya dakika kwa kila mtu. Karibu nusu yao walikuwa na sare za kazi kama mimi: mwanamke wa hospitali, kijana mwenye buti za ujenzi na kahawa, mwanamume mwenye fulana ya kampuni ya mabomba. Hatukuzungumza sana. Kila mmoja alikuwa anatazama mlango.

Ulipofunguliwa, mstari ulikwenda. Nikafika kwa karani, mama wa Kimarekani mwenye umri wa mamangu, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Nikampa leseni ya udereva. Mwaka ule kitambulisho cha picha kilikuwa lazima. Kisha akaniambia nitaje jina langu kamili na ninapoishi. Ndivyo ilivyo Virginia: kitambulisho anacho mkononi, lakini ni lazima jina ulitaje mwenyewe kwa sauti, na yeye alirudie. Nikalitaja. Akajaribu, akakwama kwenye "Mwa". Nilikuwa tayari kumwambia niite Mona. Akanitangulia: "Nifundishe, tafadhali." Nikamfundisha, akalirudia polepole mpaka likanyooka, akatafuta kwenye orodha, akanipa kura yangu.

Karatasi yenyewe ilikuwa ngumu kama jalada la daftari. Seneta, mjumbe wa baraza la jimbo, halafu nafasi za kaunti mpaka wakurugenzi wa hifadhi ya udongo na maji. Seneta alikuwa juu kabisa. Mwaka ule hakukuwa na cheo kilichompita kwenye kura yetu. Nilijaza kiduara changu mpaka pembeni, nikamkumbuka mzee wangu na mkono wake. Nikaitia karatasi kwenye mashine, ikaivuta, namba kwenye kioo ikapanda kwa moja. Nilitoka mbio. Niligonga kadi kazini saa moja kasoro dakika nne, kibandiko cha mpiga kura kifuani.

Usiku ule Hashmi alishinda kwa kama asilimia 54. Kiti chetu kilikuwa kimoja kati ya viwili tu vya Seneti vilivyobadilisha chama mwaka ule, na hivyo viwili vilitosha: Seneti ikawa 21 kwa 19 upande wa Democratic, na Baraza la Wajumbe nalo likageuka. Kwa mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 20 chama hicho kikashika bunge lote na ugavana kwa pamoja. Hashmi akawa Mwislamu wa kwanza katika Seneti ya Virginia. Asubuhi ya Jumatano niliingia chumba cha mwisho na kifungua kinywa nikiwa sijui nitasema nini. Mzee aliniuliza foleni ilikuwaje. Nikamsimulia yote, mpaka yule karani na jina. Akaniuliza, "Kwani jina lako ni nani?" Miezi minane nilikuwa nimemhudumia. Toka siku ile aliniita Mwanaidi, na Mwanaidi lake lilikuwa baya sana na zuri sana.

Sasa nirudi kwenye lile nililoahidi. Bunge jipya liliketi Januari 2020, na mambo liliyoyafanya mwaka ule na uliofuata ni mengi: ukaguzi wa kila mnunuzi wa bunduki, kuridhia marekebisho ya katiba ya usawa wa wanawake, Virginia ikiwa jimbo la 38 kuyaridhia, na Machi 2021 wakafuta adhabu ya kifo, wa kwanza katika majimbo ya Kusini. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Mei 2021 kikawa 9.50, Januari 2022 kikawa 11, mwaka uliofuata 12. Mdogo wangu alikuwa akiosha vyombo kwenye mkahawa wakati huo, na alinitumia picha ya hundi yake ya kwanza ya Mei bila neno lolote, picha tu.

Lakini lililonifanya nikae chini ni sheria ya kura. Bunge la zamani, kwa haki yake, lilikuwa limeshapitisha wiki moja ya kupiga kura mapema bila sababu, ianze 2020. Hili jipya likaifanya siku 45. Hakuna orodha ya sababu, hakuna kuhesabu saa 11. Wakaondoa na ulazima wa kitambulisho cha picha, na siku ya uchaguzi wakaifanya sikukuu ya jimbo, mahali pa ile ya Lee na Jackson, majenerali wa Kusini waliopigana upande wa utumwa. Nilisoma habari hiyo simuni, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikiwa nimekaa juu ya benchi. Wale watu wenye sare tuliosimama gizani tukitazama mlango, kura zetu zilikwenda Richmond zikabadilisha saa za mlango wenyewe. Sijawahi kuona kitu nilichokifanya kwa mkono wangu kikinirudia wazi namna hiyo.

Kuna sehemu ya pili ya habari hii, na naisimulia kwa sababu kule kwetu nyumbani seneta akibwagwa mara nyingi tunamhesabu amekwisha. Sturtevant alirudi kwenye uwakili wake. Desemba 2021 Mahakama ya Juu ya Virginia ilipitisha ramani mpya ya wilaya, na 2023 akajitokeza tena, mara hii Wilaya ya 12, bado upande wa Chesterfield. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mpinzani. Aliyekuwa akitetea kiti ni Amanda Chase, wa chama chake mwenyewe, aliyekuwa amekemewa rasmi na Seneti Januari 2021. Katika mchujo wa chama wa Juni walikuwa watatu, na Sturtevant alimshinda Chase kwa tofauti ndogo. Novemba akarudi Seneti. Hashmi naye mwezi huo huo alichaguliwa tena, Wilaya ya 15. Kwa hivyo aliyeng'oa na aliyeng'olewa wakaketi ukumbi mmoja, miongoni mwa watu 40.

Mimi na Sturtevant hatukubaliani kwa mengi. Lakini nilipoona ameshinda mchujo, nilimkumbuka mzee wangu, aliyefariki 2021 kwa uzee wake, Mungu amrehemu, na nilifurahi kwa niaba yake. Kile kitambaa cha karatasi chenye mishale ninacho bado, kimo ndani ya bahasha ya hati zangu za uraia.

Mwaka 2025 Hashmi aliwania unaibu gavana. Kazi ya msingi ya naibu gavana wa Virginia ni kuongoza vikao vya Seneti, ile ile aliyoingia kwa kiti chetu. Siku ya kwanza ya kura ya mapema ilikuwa tarehe 19 Septemba, Ijumaa, siku yangu ya mapumziko. Nilimchukua jirani yangu, mama wa Bukavu aliyepata uraia majira yale ya machipuo, tukaenda ofisi ya msajili wa kaunti. Mamangu aliniuliza kwa simu ni nani safari hii, nikamwambia gavana, na naibu wake ni yule mwalimu. "Yule wa jina refu kama lako?" Huyo huyo. Novemba alishinda, mwanamke wa kwanza Mwislamu Marekani kuchaguliwa na jimbo zima.

Jirani yangu alishangaa kukuta foleni ni fupi. "Sasa dada, uchaguzi ni leo kweli?" Nikamwambia umeanza leo na utakaa siku 45. Alipofika kwa karani alinigeukia, kwa sababu aliombwa ataje jina na anapoishi na alidhani amekosea kitu. Nikamwambia hapana, wanataka walisikie kutoka kwako. Akalitaja lote, majina manne, la baba na la babu ndani yake. Alijaza viduara vyake taratibu, akainua karatasi kuitazama kwenye mwanga, akaitia.

Tulipotoka ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, jua limeshapanda. Zamu yangu ilikuwa kesho.